Pori Lililotungwa: Uhakiki wa Matembezi ya Kuongozwa Kisiwani Rubondo

Makala haya yanakusudia kuchambua jambo ambalo kwa kawaida halihesabiwi kuwa fasihi, nalo ni matembezi ya kuongozwa: kikundi cha wageni kinachopitishwa kwa miguu katika kisiwa chenye msitu na wanyama, huku kiongozi akiwaeleza wanachokiona na wanachokisikia. Kwa maoni yetu, matembezi hayo ni usimulizi kama usimulizi mwingine. Yana msimulizi na hadhira yake; yana mwanzo, kilele na mwisho; yana wahusika; tena yana mambo yanayosemwa na mambo yanayoachwa. Kwa hiyo yastahili kupimwa kwa mizani ile ile tunayoitumia kupimia hadithi na tamthilia, yaani fani na maudhui.

Mfano tuliouchagua ni kisiwa cha Rubondo, kilichoko pembe ya kusini magharibi ya Ziwa Viktoria, nchini Tanzania. Sababu za kukichagua ni mbili. Ya kwanza, kisiwa hiki ni jirani yetu sote tunaoishi kandokando ya ziwa hili au karibu nalo, na mwalimu wa Uganda, wa Rwanda au wa Burundi anaweza kukifikiria bila kulazimika kuvuka bahari. Ya pili, ambayo ndiyo kubwa, ni kwamba hakuna mahali pengine katika ziwa hili ambapo yale yanayosemwa na wasimulizi yameachana mno na yale yaliyotendeka. Wageni huambiwa kuwa hapa ni pori la asili lisiloguswa na mkono wa mtu. Tutajaribu kuonyesha kwamba pori hili limeguswa na mikono mingi, na kwamba usimulizi ungekuwa bora zaidi, kwa fani na kwa maudhui, kama ungeikiri mikono hiyo.

Kwanza tumweleze kwa ufupi msomaji asiyepafahamu mahali penyewe. Rubondo ni kisiwa kirefu chembamba, chenye urefu wa kilomita 28 hivi kutoka kaskazini hadi kusini. Sehemu kubwa yake imefunikwa na msitu mnene. Sehemu nyingine ni nyasi, vilima vya mawe, na vinamasi vya mafunjo ukingoni mwa maji. Vilima vya Masa, ambavyo ndivyo vya juu kabisa, vinafika mita 1,486 kutoka usawa wa bahari. Kisiwa hiki, pamoja na visiwa vidogo vinavyokizunguka na maji yaliyo baina yao, ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1977. Mgeni hufika kwa ndege ndogo au kwa mashua kutoka bara, kisha hutembea. Hakuna simba wala chui, na kwa hiyo mtu anaweza kwenda kwa miguu kutwa nzima mahali ambapo katika mbuga nyingine angefungiwa ndani ya gari.

FANI

Matembezi huanza kwa masharti. Kiongozi huwakusanya wageni na kuwataka wafuatane kwa mstari mmoja nyuma yake, wasipige kelele, wasitupe kitu, wasimkaribie mnyama wala kumlisha. Askari wa hifadhi mwenye bunduki hufuatana nao, maana kisiwani kuna tembo na viboko. Wasomaji wa fasihi-simulizi watatambua mara moja kazi ya masharti haya. Mtambaji wetu wa pwani husema "Paukwa!" na wasikilizaji humjibu "Pakawa!", hapo watu wote huwa wametoka katika mambo ya kawaida na kuingia katika hadithi. Vivyo hivyo mgeni anapoitikia masharti ya kiongozi. Tangu hapo amekubali kunyamaza, na anayenyamaza huanza kusikia.

Msuko wa matembezi umejengwa juu ya taharuki. Kiongozi huinama kuonyesha unyayo, hugeuza kinyesi kwa kijiti, huelekeza kidole kwenye tawi lililovunjika. Mara huinua mkono na kikundi kizima husimama. Dalili hizi hupangwa moja baada ya nyingine mpaka mgeni aamini kwamba mnyama yupo mbele kidogo tu. Lakini tofauti na mtunzi wa hadithi, kiongozi huyu hammiliki mhusika wake mkuu. Sokwe hana mkataba na msimulizi. Anaweza kutokea, na anaweza kukaa upande wa pili wa kisiwa kwa wiki nzima. Hapo ndipo umahiri wa msimulizi unapopimwa, kwa kuwa yampasa awe na hadithi iliyokamilika hata ikiwa mhusika mkuu hakufika.

Kwa upande huu viongozi hodari tunawasifu bila kusita. Sokwe hujenga kiota kipya kila jioni kwa kukunja matawi juu ya mti. Kiongozi anayejua kazi yake huyasoma majani ya kiota kama mwalimu asomavyo daftari la mwanafunzi: yakiwa mabichi, sokwe amelala hapo jana, yakiwa yamekauka na kuwa ya kahawia, kiota kimekwisha hamwa siku nyingi. Nzohe, yaani yule swala wa vinamasini, humwonyesha kwa alama za kwato zake ndefu zinazopanuka, zinazomwezesha kupita juu ya matope na mafunjo bila kuzama. Tena hueleza kwamba mnyama huyo akifukuzwa hujitosa majini na kubakiza pua peke yake nje. Njia pana inayopanda kutoka ziwani kwenda majanini huitambulisha kuwa njia ya kiboko, atokaye usiku kula na kurudi majini kabla jua halijapanda. Wageni ambao hawakumwona mnyama hata mmoja huondoka wakiwa wameona maisha yao yote. Huo ni usanii, na msingi wake ni elimu.

Hapa mwalimu wa Kiswahili naye ana la kuchuma. Wanafunzi wetu wengi hukutana vitabuni na simba, tembo, sungura na fisi, wakadhani kwamba lugha yetu imeishia hapo. Matembezi ya Rubondo yakisimuliwa kwa Kiswahili yanaleta ulimini nzohe na pongo, mbega na tumbili, kanu na nguchiro, fisi maji, kenge na chatu, mnandi na furukombe. Kila jina lina mwili, sauti na mahali pake. Mwanafunzi aliyemsikia furukombe akilia juu ya maji hatahitaji kukariri maana ya neno hilo.

MAUDHUI

Ama kuhusu maudhui, hapo tuna ugomvi. Dhamira kuu ya usimulizi huu, kama unavyosikika mara nyingi na kama unavyoandikwa katika vijitabu vya kuwaita wageni, ni kwamba Rubondo ni sehemu ya dunia iliyosalia kama ilivyoumbwa. Hebu tuwatazame wahusika mmoja mmoja.

Sokwe, ambaye ndiye nyota wa matembezi, si mwenyeji wa kisiwa hiki. Kati ya 1966 na 1969 sokwe wapatao 17 waliletwa kutoka Ulaya, ambako walikuwa wamefungwa katika bustani za wanyama na kwingineko. Aliyeisimamia kazi hiyo ni Bernhard Grzimek, mtaalamu wa wanyama wa Ujerumani, pamoja na Shirika la Zoolojia la Frankfurt. Sokwe hao walikuwa wamezaliwa katika misitu ya Afrika Magharibi, wakakamatwa wangali wadogo, wakavushwa bahari, wakakaa vizuizini, kisha wakavushwa bahari tena. Walipofunguliwa milango ya masanduku ufukoni mwa Rubondo hawakuwa na mwalimu. Walijifunza wenyewe majani yapi huliwa, matunda yapi huiva lini, na namna ya kujenga kiota. Wengine hawakuacha kuwazoea watu, na madume wawili waliowashambulia watu ilibidi wapigwe risasi. Waliosalia walizaa, na watoto wao wakazaa.

Mbega nao waliletwa. Tembo waliletwa. Twiga waliletwa. Faru na korongo waliletwa, lakini hawakudumu. Kasuku wa kijivu walionyang'anywa wafanyabiashara wa magendo waliachiwa huko mwaka 2000. Wenyeji halisi, ambao ni nzohe, pongo, kiboko, mamba, fisi maji, kanu na tumbili, hutajwa nyuma kama wahusika wadogo.

Hata maji yanayokizunguka kisiwa yana historia hiyo hiyo. Sangara, ambaye mgeni huonyeshwa kama samaki wa ziwa hili, alitiwa humo katika miaka ya 1950, na ongezeko lake likachangia kuangamiza aina nyingi za furu ambao hawakupatikana popote pengine duniani. Magugu maji yaliyoziba ghuba nyingi tangu mwisho wa miaka ya 1980 asili yake ni Amerika ya Kusini.

Wahusika wengine nao hawatajwi kabisa, kwa kuwa ni watu. Kabla ya Rubondo kufanywa pori la akiba mwaka 1965, wavuvi na wakulima walikuwa wakiishi kisiwani. Walikuwa na nyumba, mashamba, makaburi na mahali pa ibada. Katika miaka hiyo ya 1960 walihamishwa, wakapelekwa visiwa vya jirani na bara. Kwa hiyo mlolongo wa mambo ni huu: watu walitolewa, wanyama wakaletwa, msitu ukaachwa uote, kisha mgeni akaitwa aje aone mahali ambapo mtu hajapata kukanyaga.

Hatusemi kwamba viongozi wanasema uongo kwa makusudi. Wengi wao wakiulizwa habari za sokwe huzieleza vizuri, tena kwa fahari, kwa sababu ni habari ya ajabu kweli. Kosa liko katika mpango wa hadithi. Habari ya sokwe husimuliwa kama kioja kilichosimama peke yake; habari ya watu huachwa; na neno "pori la asili" huendelea kutawala kana kwamba hayo mawili hayakutokea.

MANENO YENYEWE

Lugha yetu ingeweza kutuokoa kama tungeisikiliza. Tuchukue neno "pori". Mkulima akiliacha shamba lake misimu miwili mitatu, majirani husema limekuwa pori. Katika matumizi hayo pori ni hali ambayo ardhi huingia baada ya mtu kuondoka. Jembe lilikuwepo, na likaondoka. Kwa maana hii Rubondo ni pori kamili, na Kiswahili kimesema kweli kuliko vile vijitabu. Anayesema "pori lisiloguswa" ameongeza neno moja linalolikana la kwanza.

Tuchukue pia neno "hifadhi". Limetujia kutoka Kiarabu, na katika Kiswahili limebeba mizigo miwili. Mtu huhifadhi mali isiharibike. Na mtoto wa chuoni huhifadhi sura, yaani huiweka moyoni asiisahau. Hifadhi ya Taifa imetimiza maana ya kwanza: msitu haukatwi na samaki wana mahali pa kuzaliana bila kusumbuliwa na nyavu. Maana ya pili bado. Mahali panapotunza miti na kusahau majina ya walioipanda mingine miongoni mwake pamehifadhi nusu tu.

Zaidi ya hayo kuna jozi ya "mgeni" na "mwenyeji". Wazee wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kisiwani Rubondo methali hii imegeuzwa miguu juu. Mgeni alikuja na mwenyeji akaondoka. Sokwe aliyetoka Ulaya amekuwa mwenyeji anayetembelewa, na mjukuu wa mvuvi aliyezaliwa pale, akitaka kukanyaga alipozikwa babu yake, atalipa kiingilio na kufuata kiongozi. Hatutoi hukumu ya nani alistahili nini. Tunasema tu kwamba msimulizi mwenye lugha yenye maneno kama haya, akaiacha kejeli hii ipite bila kuitaja, ameacha sehemu tamu ya hadithi yake.

MIFANO YA JIRANI

Tusidhani kwamba kisiwa kilichohamwa ni jambo la Rubondo peke yake. Kwetu huku Uganda, ugonjwa wa malale uliua zaidi ya watu 200,000 katika miaka 20 ya mwanzo ya karne iliyopita, wengi wao wakiwa watu wa pwani ya ziwa na visiwa vyake. Kuanzia mwaka 1906 serikali ya kikoloni, chini ya Gavana Hesketh Bell, iliwahamisha watu kutoka ukanda wa ziwa, na kabla ya muongo ule kwisha visiwa vya Ssese navyo vilikuwa vimehamwa. Walioruhusiwa kurudi baadaye walikuta msitu umekalia mashamba yao. Mtalii anayetembea leo katika misitu ya Ssese akisifu ukale wake huenda anasifu miti iliyoota juu ya msiba. Sababu za kuwahamisha watu wa Ssese hazifanani na za Rubondo, nasi hatuzichanganyi. Kinachofanana ni namna msitu unavyofuta habari za watu pasipo msimulizi wa kuzitunza.

Mfano wa kinyume uko kisiwa cha Ngamba, umbali wa kilomita 23 hivi kutoka Entebbe. Hapo tangu mwaka 1998 wametunzwa sokwe yatima walionyang'anywa wawindaji na wafanyabiashara. Kisiwa ni kidogo, chenye hekta 40 hivi tu, na msitu wake hautoshi kuwalisha. Kwa hiyo kila siku huongezewa chakula, na wageni huwatazama kutoka jukwaani nyuma ya uzio. Hakuna anayejaribu kuliita pahala hapo pori lisiloguswa. Kila sokwe ana jina, na usimulizi wote hujengwa juu ya swali la mtu gani alimtenda nini na mtu gani akamwokoa. Mgeni hupata wanyama wachache na nafasi ndogo kuliko Rubondo, lakini huondoka akijua kwamba habari za wanyama na habari za watu ni kitabu kimoja. Kwa ukubwa wa mandhari Rubondo imeishinda Ngamba mara elfu. Kwa ukweli wa usimulizi, Ngamba imetangulia.

SAFARI KATIKA FASIHI YETU

Pengine msomaji atauliza kama jambo hili lina uhusiano na fasihi ya Kiswahili. Lina uhusiano mkubwa. Neno "safari" limeingia katika lugha za Ulaya likiwa na maana ya kwenda kutazama wanyama. Kwetu limekuwa siku zote ni mwendo wowote kutoka mahali hadi mahali. Tukirejea masimulizi ya kale ya safari katika nathari yetu, kama yale yaliyokusanywa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1901 kwa jina la Safari za Wasuaheli, tunaona nchi iliyojaa watu. Selemani bin Mwenye Chande aliyesafiri bara katika biashara anasimulia miji na majumbe wake, hongo iliyodaiwa, vyakula vilivyonunuliwa, vita na mapatano. Salim bin Abakari, aliyefika Urusi na Siberia, aliwatazama watu wa huko kwa udadisi ule ule. Mandhari katika masimulizi hayo ni pahala watu wanapoishi.

Usimulizi wa nchi tupu, yenye uzuri kwa sababu haina mtu, umetufikia kwa mlango mwingine. Ulikuja pamoja na wawindaji wa kigeni na vitabu vyao, ukarithiwa na matangazo ya utalii, na sasa unaingia darasani. Mwalimu anapoagiza insha ya "Safari niliyoifurahia", mara nyingi mfano anaotoa ni wa wanyama wengi, nyasi za kijani na machweo ya jua, bila binadamu isipokuwa wasafiri wenyewe na dereva wao. Mtoto wa mvuvi aliyezaliwa kandokando ya ziwa hujifunza kuandika kwamba pwani kama ya kwao ni nzuri ikiwa hayupo. Hilo ndilo tunalolihofia kuliko makosa ya sarufi.

HOJA ZA WAPINZANI

Tunatazamia kupingwa kwa hoja tatu, nazo zina uzito.

Wa kwanza watasema kwamba mgeni amelipa ili astarehe. Akianza kusimuliwa habari za kuhamishwa watu atahuzunika. Jibu letu ni kwamba hadhira huheshimiwa kwa kuambiwa mambo mazito kwa ustadi. Hakuna aliyekataa kuiona tanzia kwa sababu ina kifo ndani yake. Tena habari ya sokwe yenyewe ina huzuni kubwa, nayo husimuliwa bila mgeni kukimbia.

Wa pili watasema kwamba kuwataja waliohamishwa ni kuitia doa kazi ya kuhifadhi. Hatukubaliani nao. Kama Rubondo isingelindwa, yaelekea msitu wake ungekuwa mkaa na mbao, kama ulivyokuwa msitu wa visiwa vingi vya ziwa hili. Faida hiyo ni ya kweli na inaweza kusimama bila kuegemea hadithi ya uongo. Kinyume chake, anayeambiwa kwamba mahali hapa palitengenezwa kwa gharama ya watu atajua kwamba panaweza pia kuharibiwa, na kwamba kupatunza ni wajibu wa kila siku. Aliyeambiwa kuwa pori lipo lenyewe tangu kuumbwa dunia hana sababu ya kuogopa kwamba litaondoka.

Wa tatu, ambao ndio wajanja zaidi, watatuuliza: sokwe aliyezaliwa Rubondo, na mama yake akazaliwa Rubondo, mpaka lini ataitwa mgeni? Hoja hii tunaikubali. Mjukuu wa mgeni ni mwenyeji. Sokwe wa leo hawajui Ulaya wala bustani za wanyama. Wanaujua msitu wao na njia zake. Lakini hoja hiyo hiyo inatulazimisha kuwatambua na wale wengine, maana kama vizazi vichache vinatosha kumpa mnyama uenyeji, vilitosha pia kumpa binadamu.

TUNACHOPENDEKEZA

Usimulizi bora hauhitaji hotuba ndefu. Kiongozi akisimama na wageni wake chini ya kiota kilichokauka, angeweza kusema maneno kama haya: "Aliyelala hapa ni kizazi cha waliovushwa bahari mara mbili. Msitu huu aliupata ukiwa na watu waliotangulia, na watu hao wako ng'ambo ile mnayoiona, wanavua. Ninyi ni kundi la tatu. Tutembee polepole." Hayo ni maneno ya nusu dakika, na kila hatua itakayofuata itakuwa na uzito mpya. Taharuki haikupungua, imeongezeka, kwa kuwa sasa mgeni anatafuta dalili za aina mbili: za wanyama walioingia na za watu waliotoka. Akikuta mti wa matunda uliopandwa, au mawe yaliyopangwa kama msingi wa nyumba, atasimama hata bila kuinuliwa mkono.

Kwa waalimu wenzetu tunapendekeza zoezi moja. Wanafunzi wapewe maelezo mafupi ya kisiwa, yaliyoandikwa kwa namna ya vijitabu vya kuwaita wageni, na waulizwe maswali manne. Nani anasimulia? Anamsimulia nani? Nani ametajwa, na kwa jina gani? Nani hakutajwa, na alama yake imebaki wapi? Kisha wayaandike upya maelezo hayo bila kupunguza mnyama hata mmoja wala kuharibu uzuri wa mandhari, lakini wakimrudisha kila aliyeachwa. Kwa zoezi hili watajifunza uhakiki kabla hawajajua kwamba wanauita uhakiki. Watajifunza majina ya wanyama na ya miti. Na walio watoto wa ziwani watakuwa na mengi ya kuwafundisha wenzao, pengine na mwalimu wao.

Wasipojua pa kuanzia, waanze na majina ya mahali. Rubondo, Kageye, Masa: haya hayakuletwa na sokwe kutoka Ulaya, wala mgeni hakuyakuta yameandikwa juu ya mawe. Kila kilima kinachoitwa kwa jina kiliitwa na mtu aliyekuwa na haja ya kukitofautisha na kingine, kwa sababu alikuwa akikipanda, akilima mteremko wake, au akikitazama kutoka ndani ya mtumbwi ili ajue amefika wapi. Kiongozi huyatamka majina hayo mara nyingi kila siku. Tunachomwomba ni kwamba, akitamka moja, awaambie wageni wake kuwa lilitamkwa na wengine kabla yake.